Ifakara, Mji wa Bondeni

Wengi wenu mnaijua Ifakara kwa mambo mawili: mchele na hospitali. Lakini je, mji huu ulipataje kuwa makao makuu ya Wilaya ya Kilombero?

Zamani serikali ilikaa mlimani, Mahenge. Wajerumani walijenga boma lao huko, nalo lilishambuliwa katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Ifakara ilikuwa chini bondeni, mahali pa Wambunga wakulima wa mpunga na Wandamba wavuvi, penye maji mengi na mbu wengi.

Kumbe mbu hao hao waliupatia mji sifa. Wamisionari Wakapuchini kutoka Uswisi walianzisha Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Mwaka 1949 alifika Profesa Rudolf Geigy wa Basel kuchunguza wadudu waletao magonjwa, na mwaka 1957 ikafunguliwa maabara, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Tangu mwaka 1997 vyandarua vyenye dawa vilienezwa katika vijiji vya Kilombero na Ulanga, ikaonekana wazi kwamba vinaokoa maisha ya watoto wadogo.

Miaka ya 1970 Kilombero ikatengwa na Ulanga, na reli ya TAZARA ikapita hapa kwenda Zambia. Mwaka 2012 Ifakara ikawa jimbo lenye askofu wake.

Lakini mto ulibaki palepale. Mgonjwa wa Lupiro au Mahenge alikaa ukingoni akingoja kivuko, huku hospitali iko ng'ambo. Januari 2016 kivuko kikapinduka kwa dhoruba, watu wakapotea majini. Mwaka 2018 likazinduliwa daraja la mita 384.

Basi, baba na mama wa ng'ambo, kisingizio cha mto kimekwisha. Mtoto akishikwa na homa, msingoje siku ya tatu. Mpelekeni upesi.

Na sisi wa mjini, hapa Mlabani na kwingineko, tuna wajibu wetu. Mto Lumemo hufurika masika ukaingia majumbani. Tusilime hadi kwenye kingo zake, wala tusikate miti inayoshika udongo. Mto mkubwa tumeujengea daraja. Huu mdogo tuuachie njia yake.