Mboga ya Gunia Ikiona Njaa

Katika Kibera na Kawangware watu wengi hupanda sukuma wiki katika magunia yaliyojazwa udongo. Pengine mboga hudumaa, na majani ya chini huwa na rangi ya zambarau. Usikimbilie kusema ni ugonjwa; huenda mmea una njaa ya fosforasi.

Udongo mwekundu wa Nairobi una chuma na aluminiamu kwa wingi, navyo huishika fosforasi kwa nguvu. Mmea ukiikosa, jeni zake, yaani maagizo ya urithi yaliyomo tangu katika mbegu, huamka: mizizi huotesha vinyweleo vingi na kutoa asidi ya kuilegeza fosforasi. Mwaka 2012 wataalamu walitangaza jeni ya mpunga iitwayo PSTOL1, ambayo huufanya mpunga kukuza mizizi mingi mapema.

Lakini udongo wa gunia ni haba, na mizizi haina pa kwenda. Basi, kabla ya kupanda tena, uchanganye udongo huo na mbolea ya kuku iliyooza vizuri, au unga wa mifupa. Mbegu njema hujua kutafuta chakula. Kukileta ni kazi ya mkulima.