JINSI MAPAFU YETU YAFANYAVYO KAZI

Mchuuzi wa samaki atokaye ufuko wa Dunga, akiwa na karai kichwani, hupanda polepole hadi Milimani mjini Kisumu. Afikapo juu hutua mzigo wake na kutweta. Miguu ndiyo iliyopanda, lakini kifua ndicho kinachohangaika. Sababu yake ni kwamba misuli haiwezi kufanya kazi bila ya oksijeni iliyomo hewani, nayo huingia mwilini kwa njia ya mapafu.

Njia ya Hewa

Hewa huingia puani, ambamo vinyweleo huzuia vumbi. Humo pia hupata joto na unyevu kabla ya kushuka. Kisha hupita kooni, ambako kifuniko kidogo huliziba bomba la hewa kila tumezapo chakula. Mtu akipaliwa, ni kwamba kifuniko hicho hakikuwahi.

Bomba hilo hugawanyika mara mbili, tawi moja kwa kila pafu, kisha matawi huzaa vitawi kama mti, hata kufikia vifuko vidogo mno vya hewa. Katika mapafu ya mtu mzima, vifuko hivyo huzidi milioni 300. Kuta zake ni nyembamba sana, nazo zimezungukwa na vishipa vya damu. Hapo oksijeni huingia katika damu, na hewa chafu iitwayo kaboni dioksaidi hutoka ili itupwe nje.

Kifua ni Kama Mvukuto

Mapafu hayawezi kujipanua yenyewe. Chini yake upo msuli mpana uitwao kiwambo, utenganishao kifua na tumbo. Kiwambo kikishuka na mbavu zikiinuka, kifua hupanuka na kuvuta hewa kama mvukuto wa mhunzi. Vikilegea, hewa hutoka. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na kila mara huvuta kiasi cha nusu lita. Afanyapo kazi nzito, misuli hutumia oksijeni nyingi zaidi na kutoa kaboni dioksaidi nyingi zaidi. Ubongo nao hukiamuru kifua kiende mbio. Mchuuzi wetu akipumzika kidogo, pumzi zake hurudia hali ya kawaida.

Mtoto Atwetaye Amelala

Lakini mtoto atwetaye hali amelala hakupanda kilima chochote. Homa ya mapafu, ambayo wengine huiita kichomi, hujaza vifuko vile maji na usaha, na oksijeni hukosa njia. Ndipo mtoto hupumua upesi ili apate japo kidogo.

Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto anayekohoa au kupumua kwa shida na ahesabu pumzi zake kwa dakika nzima ya saa, mtoto akiwa ametulia. Dalili ya hatari ni pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2. 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi mwaka 1. Na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5. Mtoto huyo apelekwe kwa mganga wa zahanati siku ile ile. Na ikiwa sehemu ya chini ya kifua chake hubonyea ndani kila avutapo pumzi, apelekwe hospitali mara moja, hata ikiwa ni usiku wa manane.

Kinga nayo ipo. Tangu mwaka 2011 watoto wachanga nchini Kenya wamekuwa wakichanjwa dhidi ya vijidudu viletavyo homa hiyo, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Moshi wa kuni huumiza njia za hewa. Basi mama akaangaye au akaushaye samaki kwa moshi asimbebe mtoto mgongoni kando ya moto, na jiko liwe na dirisha la kutolea moshi. Mtu mzima huweza kutoka nje akahemewe na upepo wa ziwa. Mtoto mchanga hutegemea atolewe.