Muziki wa Bango Usio na Bango

Karibu na steji ya Kisauni kuna kibanda kinachojaza nyimbo kwenye flashi. Kijana wa hapo amezipanga nyimbo zake katika folda, na kila folda ameivika picha. Reggae ina simba na rangi tatu: nyekundu, manjano na kijani. Rap ina mtu aliyevuta kofia hadi kwenye nyusi, ukuta wenye michoro nyuma yake. Taarabu ina waridi na maandishi ya dhahabu yaliyopindapinda. Nikamwambia nataka bango. Akashuka hadi chini kabisa ya skrini, na hapo nikauona mnazi ulioinamia bahari, jua likitua.

"Mbona mnazi, mwanangu?"

"Si ni muziki wa Pwani, mama?"

Sikuweza kumlaumu. Rap na reggae zimechorwa na wenyewe miaka nenda miaka rudi, mpaka picha na sauti zimeshikana. Majarida yalifanya kazi kubwa hapo. Kerrang!, jarida la muziki wa roki lililoanza Uingereza mwaka 1981, lilichukua jina lake kutoka kwenye mlio wa gitaa la umeme, na herufi za jina hilo jaladani zimechorwa kama kitu kilichopasuka. Asiyejua neno hata moja la Kiingereza akilitupia jicho tu anajua mle ndani mna kishindo.

Taarabu ya Mombasa haikungoja jarida. Ilikuwa na kaseti. Mbwana Radio Service, duka la kisiwani, lilipata sifa kwa kaseti za taarabu, nyingine zikiwa zimerekodiwa harusini penyewe, vigelegele na vyote. Zile tulizokuwa nazo nyumbani zilikuwa na karatasi iliyokunjwa ndani ya kasha: urembo pembeni ukizunguka, picha ya mwimbaji katikati, maneno chini. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua mpango ule nimeuona wapi. Ni wa leso. Pindo, mji, jina. Fundi aliyeitengeneza karatasi ile hakwenda mbali kutafuta mfano. Aliutazama muziki unapigwa wapi na wanaousikiliza wamejifunga nini.

Mnazi ni wa hoteli. Them Mushrooms walipoutoa wimbo wa Jambo Bwana, bendi za Mombasa zilikuwa zikipata riziki yao mbele ya watalii, na kwa wimbo wa kumkaribisha mgeni, ufuko ulikuwa picha ya haki kabisa. Kosa lilikuja baadaye, pale ufuko ulipogeuzwa sura ya kila muziki unaotoka upande huu, hata ule ambao mtalii hajapata kuucheza.

Bango halikuzaliwa ufukweni. Kwao ni Freretown, papo hapo Kisauni, mtaa ulioanzishwa na wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) mwaka 1875 kuwapa makao watu waliookolewa utumwani. Walitoka kwa Wayao, kwa Wamakua, kwingine huko bara, na wengine walirudi Afrika baada ya kulelewa India. Kengele iliyokuwa ikigongwa kuwaonya watu hao ingali imesimama, na ndiyo iliyofanya mahali pale paitwe Kengeleni. Maelfu hushuka matatu hapo kila siku wakilitaja jina bila kuiona kengele. Hapo ndipo Mzee Joseph Ngala alipoishika saksofoni yake. Akayachanganya matarumbeta ya zama za beni, rumba na ngoma za Wamijikenda, na wimbo wake mmoja ukaupa muziki wote jina. Bango hupigwa harusini na matangani, na watu wazima hulicheza polepole, mtu na mwenzake, bila haraka ya kwenda popote.

Naiona ajabu kwamba neno hilohilo ndilo tunalouitia ubao wa matangazo, na muziki wenyewe hauna hata kipande cha karatasi kinachoutangaza ulivyo.

Wako watakaosema kijana wa flashi hawezi kuuchora muziki asiousikiliza. Mimi nakataa. Majalada ya santuri za jazi za Blue Note, yale ya picha za rangi moja na herufi kubwakubwa, ambayo wasanifu wanayaiga hadi leo, yalibuniwa na Reid Miles, na Miles hakuwa mpenzi wa jazi. Mwenye kampuni, Alfred Lion, alikuwa akimweleza kila santuri ina nini. Kwa hiyo kilichohitajika ni mtu wa kusimulia, na sisi tuliolelewa na bango hatujasimulia.

Basi nikaketi kwenye stuli yake nikamsimulia: kengele, saksofoni, matanga. Alisikiliza huku akiwahudumia wateja wawili. Kisha akaufuta mnazi, akasema, "Nitumie picha basi, mama."

Nilikuwa nayo kwenye simu, ya matanga ya mjomba wangu. Turubai, viti vya plastiki vilivyosukumwa pembeni, saksofoni iking'aa chini ya balbu moja, na shangazi yangu na mzee jirani wakicheza, shangazi na leso ya kijivu kiunoni. Kijana akaizungushia pindo jeusi. Jina tukaliweka chini, ndani ya kisanduku, kama la leso.