Si plasta mteja analipia: kuanzisha kazi ya sanamu za mwili hapa Kamina

Ndugu wahitimu na wanafunzi, wengi mumeniuliza juu ya hii kazi ya kutoa umbo la mwili kwa plasta: mikono ya bibi na bwana iliyoshikana, tumbo la mama wa mapasa kabla hajazaa, uso wa mzee wa familia. Swali la kwanza ni lile lile: "Ile plasta ya hospitali, mutu anailipia feza kweli?" Analipa. Lakini halipii plasta. Analipia mwili wake utoke salama, na kile anachopeleka nyumbani kisipasuke wala kuota kuvu.

Tuanze na usalama. Plasta ni jiwe la jasi lililochomwa kwa joto la 150 °C hivi, mpaka likapoteza robo tatu ya maji yake. Ukilirudishia maji linakuwa jiwe tena, na hapo linatoa joto. Bendeji nyembamba inapata uvuguvugu tu, lakini plasta nzito ndani ya ndoo inaweza kufika 60 °C. Mwaka 2007 huko Uingereza, mwanafunzi wa miaka 16 aliingiza mikono katika ndoo ya plasta kwenye somo la sanaa. Ikamgandia, ikamuunguza, akapoteza karibu vidole vyote. Kwa hiyo: hakuna mtu kuingiza mkono ao mguu ndani ya ndoo. Tumia bendeji za plasta, safu tatu ao ine, juu ya ngozi iliyopakwa Vaseline ya kutosha, zaidi penye nywele. Matundu ya pua yabaki wazi. Mteja akisema inaunguza, toa palepale.

Kwa mtoto muchanga usitumie bendeji. Bonyeza unyayo wake kwenye udongo laini wa mfinyanzi, toa mguu, osha, kisha mimina plasta mule alama ilimobaki.

Sasa kumalizia. Hapa njo kazi yenyewe ilipo.

1. Kukausha. Weka sanamu juu ya vijiti, kivulini, hewa ipite chini na juu. Wakati wa mvua, kuanzia mwezi wa kumi, inaweza kuchukua juma zima. Ipime kwa mizani: uzito ukibaki ule ule siku mbili, imekauka. Kama huna mizani, iguse na shavu. Ikiwa ya baridi, maji yangali ndani.

2. Kusawazisha. Kata kingo na makasi, zifunike kwa vipande vidogo vya bendeji. Pachika waya wa kutundikia sasa, usingoje rangi. Kisha koroga plasta laini: mimina unga ndani ya maji, si maji ndani ya unga, ili isifanye mabonge. Lowesha sanamu kidogo kabla ya kupaka. Ikiwa kavu sana itanyonya maji ya plasta mupya, na ile safu itabanduka.

3. Msasa. Iache ikauke tena, halafu anza na namba 120, maliza na 240. Funga pua na mdomo, vumbi lile si la kuvuta. Usifute alama zote: mikunjo ya vidole njo inafanya mteja aseme "huyu ni bibi yangu."

4. Kufunga vinyweleo. Paka kola ya mbao iliyochanganywa na maji, mbele na nyuma, kisha rangi. Ukipaka ikiwa na unyevu, kuvu itatokea chini ya rangi. Hata hivyo plasta si ya nje: jasi inayeyuka polepole katika maji. Mwambie mteja aitundike ndani, mbali na malata yanayovuja.

Juu ya bei, hesabu siku, si vifaa tu. Tuseme vifaa ni franga 30.000, na kazi imekula siku mbili kamili za mikono yako. Ukiuza 40.000, umelipwa 5.000 kwa siku. Chukua avansi inayofunika vifaa vyote, maana tumbo la mtu halina mnunuzi mwingine sokoni.

Kuna jambo moja la mwisho. Mwaka 1911 mchongaji Arsène Matton, wa Ubelgiji, alikuja Kongo kuchukua nakala za plasta kwenye miili ya watu hai, kwa ajili ya makumbusho ya Tervuren. Nyuso za watu wetu zikaenda kuonyeshwa mbali na kwao. Sisi tusifanye vile kwa simu. Andika karatasi, hata ya mistari mitano: sanamu ni ya nani, picha inaweza kuwekwa WhatsApp ao hapana, na kalibu itavunjwa lini. Mama mjamzito awe na mtu wake chumbani. Akisema "hapana kuonyesha mutu", basi hapana, hata ikiwa ni kazi yako nzuri kuliko zote.

Kwa kuanza, tengeneza mikono ya mtu wa nyumbani, itundike, ipite msimu mmoja wa mvua. Ikibaki nyeupe na nzima, hiyo njo tangazo lako.