Mifugo Ikitupa Mimba kwa Wingi, Jihadhari

Ng'ombe, kondoo au mbuzi mmoja akitupa mimba, mfugaji husikitika lakini hashangai. Visababishi ni vingi. Lakini mvua kubwa ikinyesha, mbu wakajaa, kisha kundi zima likatupa mimba katika siku chache, hiyo ni ishara ya hatari. Huenda ni Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa unaompata binadamu pia.

Chanzo chake

Homa hii huletwa na virusi. Wataalamu waliieleza mara ya kwanza mwaka 1931, baada ya kondoo kufa kwa wingi karibu na Ziwa Naivasha, Kenya. Mbu wa aina fulani hutaga mayai yenye virusi mabondeni. Mayai hayo hukaa makavu miaka mingi, na mafuriko yakija huanguliwa. Ndiyo maana ugonjwa ulilipuka baada ya mvua za El Niño za 1997/98, na tena 2006/07, katika Kenya, Somalia na Tanzania. Kwetu Tanzania, Dodoma ndio mkoa ulioumia zaidi mwaka 2007.

Dalili

Karibu kila kondoo mwenye mimba akiambukizwa huitupa, iwe changa au kubwa. Wana-kondoo na wana-mbuzi wachanga hufa upesi. Ng'ombe nao hutupa mimba na maziwa hupungua.

Binadamu huambukizwa hasa kwa kushika damu, kondo la nyuma na vitoto vilivyotupwa, na pia kwa kuumwa na mbu. Wengi hupata homa na maumivu ya misuli, kisha hupona. Wachache huharibika macho, huugua ubongo au hutokwa damu. Karibu nusu ya wanaotokwa damu hufa. Utafiti uliofanyika Port Sudan mwaka 2011 na 2012 ulionyesha kuwa wajawazito walioambukizwa walipoteza mimba zaidi kuliko wenzao.

Jinsi ya kujikinga

1. Usishike mimba iliyotupwa kwa mikono mitupu. Vaa glavu, na funika pua na mdomo.
2. Mama mjamzito na watoto wasizalishe mifugo wala kusafisha zizi.
3. Usichinje mnyama mgonjwa, wala usile kibudu.
4. Chemsha maziwa, pika nyama iive kabisa.
5. Lala ndani ya chandarua.
6. Chanja mifugo kabla ya mvua, kwa ushauri wa daktari wa mifugo. Chanjo nyingine zenyewe huweza kutoa mimba.

Wapo wanaoficha ugonjwa wakiogopa mnada kufungwa. Mnada utafunguliwa tena, lakini aliyezikwa harudi. Mwite bwana mifugo mapema, na mwenye homa aende zahanati na kueleza kwamba mifugo yake inatupa mimba. Jambo hili lizungumzwe katika Jumuiya Ndogo Ndogo kabla mvua hazijaanza.