HODI YA MWOMBA MCHANGO
Jinsi ya kutoa kwa moyo bila kuibiwa mlangoni

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii huonekana kwa macho katika mitaa ya Kampala, ambako mtu mwenye kipato kidogo hutoa shilingi zake kwa jirani aliyefiwa pasipo kuombwa mara mbili. Vikundi vya kusaidiana vinavyoitwa munno mukabi vimejengwa juu ya desturi hiyo, nayo ni desturi ya kujivunia. Lakini penye ukarimu hapakosi mtu wa kuuvizia. Ndiyo sababu kila nyumba, ikiwa kambini au uraiani, yapasa kujua namna ya kumpokea mgeni apigaye hodi akiwa na karatasi ya michango mkononi.

Mlaghai wa namna hii huchagua saa yake. Huja baba akiwa zamu, mama akiwa sokoni, na nyumbani amebaki msichana wa kazi au mtoto aliyerudi mapema kutoka shuleni. Amevaa nadhifu, ana kitambulisho shingoni, na sauti yake ni ya upole. Karatasi yake ina safu za majina, kiasi na sahihi, na mistari ya kwanza imekwisha kujazwa: fulani ametoa 50,000, fulani 20,000. Huenda majina hayo ameyaandika mwenyewe usiku uliotangulia. Shabaha yake ni kumtia aibu mwenye nyumba, ili aone vibaya kuwa wa kwanza kukataa.

Kisha huja haraka. Mgonjwa atapasuliwa kesho. Maiti imekwama Mulago na gari linasubiri. Yatima watalala njaa leo. Mara nyingine hutajwa msiba ambao kila mtu ameusikia, kama maporomoko ya ardhi ya Bududa ya Oktoba 2018, au kuporomoka kwa jalala la Kiteezi tarehe 10 Agosti 2024. Misiba hiyo ilitokea kweli, na walioathirika walistahili msaada. Hiyo ndiyo nguvu ya uongo wa aina hii: huegemea ukweli.

Familia za askari zina mlango mwingine wa kuingiliwa. Majeshi ya Uganda yamekuwa Somalia tangu mwaka 2007, na wapo wasiorudi. Mtu akimwambia mke wa askari kwamba anachangisha kwa ajili ya wajane wa wenzake mume wake, atakataaje? Hata hivyo swali moja la heshima latosha: marehemu alikuwa kikosi gani? Habari za askari aliyekufa huweza kuulizwa kikosini kwake, na mchango wa kweli hauogopi kuulizwa huko. Mgeni anayesihi kwamba jambo lisifike kwa wakubwa amekwisha kujieleza.

MUHURI SI USHAHIDI

Wengi hutulia waonapo muhuri wa rangi ya zambarau. Wasitulie upesi. Barabara ya Nasser, katikati ya jiji, inajulikana kwa wachapaji wake, na wengi wao hufanya kazi halali. Lakini inajulikana pia kwa hati za kughushi. Kadi, barua yenye nembo na kitabu cha risiti ni vitu vinavyochapwa kwa siku moja. Hata alama ya Msalaba Mwekundu, inayolindwa na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, yaweza kubandikwa kwenye fulana na mtu asiyehusika nayo kabisa.

Jambo lenye uzito ni mahali karatasi ilipotoka. Sheria ya mwaka 2016 inayosimamia mashirika yasiyo ya kiserikali yataka shirika liwe limesajiliwa, liwe na kibali kisichokwisha muda wake, na liwe limejulikana kwa serikali ya mahali linapofanya kazi. Tangu marekebisho ya mwaka 2024, usimamizi huo umo ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Kwa hiyo shirika la kweli lina ofisi inayoweza kutembelewa na namba ya usajili inayoweza kuulizwa.

Karibu zaidi na nyumba yupo mwenyekiti wa LC 1. Mabaraza haya, ambayo tangu mwaka 1986 yalienea nchi nzima yakiitwa RC, huwajua watu wa mtaa na wageni wao. Mchangishaji mwaminifu hupita kwanza kwa mwenyekiti. Kambini hupita kwa walinzi wa lango na kwa mkuu wa kambi.

MAZUNGUMZO YA MLANGONI

Mama wa nyumbani hahitaji ukali. Atoke nje, aufunge mlango nyuma yake, na kusema kwa utulivu:

“Karibu, ndugu. Unatoka shirika gani, na ofisi yenu iko wapi?”

“Tuko mjini, mama. Lakini leo tunakusanya tu.”

“Vema. Mwenyekiti wetu anakufahamu?”

“Hakuwepo, mama. Toa kidogo tu, hata 2,000.”

“Niachie jina la shirika na namba ya ofisi. Tukishauriana na mzee, tutaleta wenyewe.”

Mkweli ataandika na kushukuru. Mwongo atanung'unika, atapunguza kiasi, au atakumbusha adhabu ya Mungu kwa wachoyo. Hapo mazungumzo yamekwisha.

Siku hizi wengine hawataki fedha taslimu, bali hutoa namba ya simu. Tangu huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza nchini mwaka 2009, imekuwa msaada mkubwa, nayo ina kinga yake: jina la mwenye namba huonyeshwa kabla ya kuthibitisha. Lisomwe. Ikiwa mchango ni wa kituo cha yatima na jina linalotokea ni la mtu binafsi, fedha isitumwe. Namba ya siri haitajwi kwa yeyote, na simu haikabidhiwi mgeni “akusaidie kubonyeza”.

Ipo hatari nyingine iliyo kubwa kuliko kupoteza 2,000. Tarehe 23 Oktoba 2021, huko Komamboga, watu waliojifanya wateja waliacha mfuko wenye bomu katika mahali pa kula na kunywa, na mhudumu mmoja akauawa. Basi mgeni asiyejulikana asiingizwe sebuleni, asiachiwe kuweka mzigo “arudi baadaye”, wala asielezwe baba yuko wapi na atarudi lini. Msichana wa kazi na watoto wafundishwe jibu moja: “Wakubwa hawapo, rudi kwa mwenyekiti.”

Mchangishaji akiwa mtoto mdogo, mambo ni mazito zaidi, kwani nyuma yake huenda yupo mtu mzima anayepokea mapato. Mtoto asifukuzwe kwa matusi. Namba 116 hupokea taarifa za watoto wanaoteswa au kutumiwa.

ASIPIGWE

Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 5. Adhabu hiyo hutolewa na mahakama, si na mawe ya vijana wa mtaa. Kelele ya “mwizi!” imekwisha kuua watu wasio na hatia katika jiji hili, na mchangishaji masikini asiye na karatasi kamili si lazima awe tapeli. Zikumbukwe sura yake, saa na maneno yake. Mwenyekiti aarifiwe, na polisi wapigiwe 999 au 112. Askari aliye nyumbani kwa likizo ana wajibu wa kwanza wa kuwazuia majirani wasijichukulie sheria.

Mwenye moyo wa kutoa hakosi pa kutoa. Sanyu Babies' Home, pale Namirembe, imelea watoto walioachwa tangu mwaka 1929. Uganda Red Cross inajulikana tangu mwaka 1964. Kanisa, msikiti na munno mukabi ya mtaa zina watunza hazina wanaofahamika kwa sura. Familia yaweza kutenga kiasi kidogo kila mwezi, pamoja na sabuni au nguo zilizowabana watoto, na kuvipeleka kwa mikono yake yenyewe. Hapo mzazi atamwona aliyepokea, na watoto watajifunza kutoa. Kila shilingi inayotiwa mfukoni mwa mlaghai imeondolewa kinywani mwa yatima, na kila nyumba iliyodanganywa humfungia mlango mhitaji wa kweli atakayekuja kesho.