Simu Isiyopokelewa Iende Wapi?

Saa saba mchana mhasibu ametoka kwenda kula, na simu ya mezani kwake inaita mpaka inakatika. Huenda aliyepiga alikuwa mteja anayetaka ankara ili alipe leo hii. Akipiga tena na tena bila kujibiwa, atatafuta duka jingine.

Mhasibu hana kosa; kosa ni la mpangilio. Mtambo wa simu za ofisi huweza kupangiwa njia mapema: simu ikiita sekunde 15 bila kupokelewa, iende kwa mwenzake wa idara, naye asipopokea, iende mapokezi, mapokezi nako kukiwa kimya, mpigaji arekodi ujumbe wa sauti. Laini ikiwa inatumika, simu huhamia mbele papo hapo. Usiku ukiingia, mtambo hubadilisha njia wenyewe.

Zamani mitambo hiyo ilikuwa ghali mno kwa ofisi ndogo. Mwaka 1999 Mark Spencer, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, alihitaji mmoja kwa kampuni yake changa. Bei ilimshinda, akaandika programu yake mwenyewe, Asterisk, kisha akaigawa bure. Leo kompyuta ya kawaida yenye programu hiyo huendesha simu za ofisi nzima, na ujumbe uliorekodiwa huweza kumfikia mhusika kwa barua pepe.

Sekunde zipigiwe hesabu. Watu watatu wakipewa sekunde 20 kila mmoja, mpigaji atangoja dakika nzima kabla ya kusikia sauti yoyote. Wachache wana subira hiyo.

Mtego mwingine ni kuelekeza simu kwenye namba ya mkononi ya meneja. Ikiwa imezimwa na huduma ya ujumbe ya mtandao wake ikajibu, mtambo hudhani meneja amepokea, na ujumbe wa mteja unaishia nje ya ofisi. Dawa yake ni kuuamuru mtambo umtake anayepokea abonyeze 1 kwanza. Asipobonyeza, simu inaendelea na safari.

Hata kisanduku cha ujumbe kinahitaji mwenyewe: mtu mmoja mwenye jukumu la kukisikiliza kila asubuhi na kuwapigia waliopiga. Kabla ya kutangaza namba mpya, fundi apige kutoka nje mara tatu: simu ikiachwa iite, laini ikiwa inatumika, na ofisi ikiwa imefungwa.